Mwaka Nilioshona Mabawa

Mwezi uliopita alikuja dukani kwangu mnunuzi mmoja wa tumbaku, anataka kufupishiwa suruali. Nilikuwa nimepiga goti nampima mguu, yeye kasimama juu ya kigoda anaangalia barabarani. "Fundi, usinicheleweshe," akasema, "jana nimeshinda msibani Goweko, sikufanya kazi yoyote." Nikamwambia poleni, nani amefariki. "Mzee Yohana, yule wa mkono mmoja. Wanasema zamani alikuwa fundi wa ndege hapa hapa Tabora. Mimi nilidhani ni maneno ya kilabuni." Nikamwambia si maneno ya kilabuni. Kisha nikachoma pini kwenye kidole changu badala ya pindo la suruali, nikaendelea kupima kwa sababu mteja alikuwa na haraka.

Nina miaka sitini na minne. Nilisoma mpaka darasa la saba, na tangu hapo kalamu nimeitumia kuandika vipimo vya watu tu. Naandika haya kwa sababu nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu nilisema uongo juu ya Yohana. Ulikuwa uongo mfupi, neno moja, na kwa neno hilo alipoteza kazi aliyoipenda na jina lake la ufundi. Kila mwaka nilijiambia nitakwenda Goweko kumwambia mwenyewe. Ni safari ya asubuhi moja. Niliifikiria safari hiyo kwa miaka arobaini na moja, na siku nilipoifanya alikuwa ameshazikwa.

Mahali tulipofanya kazi palikuwa bohari la zamani la pamba, nje kidogo ya mji, kando ya barabara ya udongo ambayo wazee walisema ndiyo njia yenyewe ya misafara ya kwenda Ujiji. Mwenye mahali hapo alikuwa Mzee Sudi, mtu wa mjini, aliyefanya biashara ya usafirishaji mpaka magoti yakamkataa. Badala ya kupumzika akaanza kukusanya magari yaliyoachwa njiani. Alikuwa na lori la Bedford, Land Rover fupi, gari dogo jeusi ambalo mlango wake mmoja ulifunguka kinyume, pikipiki yenye kiti cha pembeni, na ndege moja yenye mabawa mawili kila upande, ya mbao na kitambaa, iliyokuwa ikinyunyizia dawa mashamba ya pamba upande wa Igunga. Ilipochakaa waliiacha kwenye nyasi, mbuzi wakawa wanalala chini yake. Mzee Sudi akaileta juu ya lori, mabawa yamefungwa kamba kama vitanda vya mtu anayehama. Mlangoni aliandika kwa rangi nyeupe kwenye bati: MAKUMBUSHO YA VYOMBO VIZIMA. Watu wa mjini walicheka, wakamuuliza vyombo vya jikoni viko wapi. Yeye alijibu neno lake ni hilo la mwisho. Makumbusho mengine yanaweka vitu vilivyokwisha, alisema, hapa kwangu kila kilichomo kinaamka.

Aliviita wapagazi. Njia hii, alisema, imebebewa mizigo na watu, ikaja reli, yakaja hawa, na wote ni wapagazi, tofauti ni uji wanaokunywa tu. Kwa hiyo hatukusema gari limewaka, tulisema ameamka. Injini ikizimika tulisema amelala. Na neno moja lilipigwa marufuku kabisa. Mgeni yeyote angeweza kusema gari limekufa, lakini mfanyakazi akilitamka alifagia bohari zima peke yake, mbele mpaka nyuma, huku Mzee Sudi amekaa kwenye kiti anamwonyesha vumbi lililobaki. "Mpagazi wangu hafi njiani," alisema. "Analala." Wiki ya kwanza mimi nilifagia mara tatu.

Nilichukuliwa kwa ajili ya mabawa. Yalikuwa yamebaki mbavu tupu, na Mzee Sudi alikuwa amepata majora ya kitani kizito, akatafuta mtu wa kukishona. Mafundi wanaume wa sokoni walimwambia hawashoni nguo ya ndege. Mimi nilikuwa nashona mashuka na foronya kwenye baraza ya mtu, nikasema nitashona. Chumba changu kilikuwa pembeni mwa bohari, kina dirisha moja na meza ndefu iliyotengenezwa kwa milango miwili. Kilinuka nta ya nyuki, kwa sababu uzi wote ulipitishwa kwenye nta kabla ya kutumika, na baadaye kilinuka dawa ya kukaza kitambaa, ambayo harufu yake ni kama rangi ya kucha iliyomwagika kwenye petroli. Mpaka leo msichana akipaka kucha dukani kwangu mimi natoka nje kidogo.

Bawa hushonwa likiwa limesimamishwa kwa ubavu, na linataka watu wawili, mmoja kila upande. Wa huku anasukuma sindano ndefu ipite kando ya ubavu, wa kule anaipokea, anaivuta, anairudisha. Mtu wa upande wa pili alikuwa Yohana. Alikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa injini, ametoka Goweko na sanduku la bati na bisibisi nne. Hatukuonana tukiwa kazini. Niliona kitambaa cheupe, na ncha ya sindano inatokeza, na nikasikia sauti. "Nimetoa." "Nimepokea." "Nimetoa." "Nimepokea." Tulishona hivyo tangu mvua zilipokatika mpaka baridi ya Juni ikaja, mabawa manne, na mshono mmoja haukuzidi mwingine hata kwa upana wa ukucha, maana Yohana aliupima kwa kijiti.

Katikati ya maneno hayo mawili tulizungumza. Mtu ambaye humuoni unamwambia mengi. Asubuhi aliniamkia kwa Kinyamwezi, "mwangaluka", kwa makusudi, akijua mimi wa mjini nitajibu vibaya. "Watu wa mjini nyie," alisema kutoka upande wake, "mnaota ugali unaota kwenye mti." Nikamjibu watu wa Goweko wakiona treni wanaipigia hodi. "Tunaipigia, ndiyo. Inafungua. Nyie mjini mkipiga hodi mnafunguliwa?" Aliniita Sindano. Mimi nilimwita Mgoweko. Siku moja nilimsikia anamwambia Mzee Sudi nje ya dirisha, bila kujua nimo chumbani, "Huyu Sindano ana sikio, mzee. Uzi ukilegea anausikia kabla sijauona." Sikuwahi kusifiwa kwa jambo hilo. Nilishona shimo la kifungo ambalo halikuhitajika.

Watu walidhani tunapendana. Nimejiuliza sana na jibu langu la kweli ni kwamba sijui. Dini zetu zilikuwa mbili, kwetu lisingezungumzika, nami sikulifikiria mpaka mwisho. Nilipenda saa ya mchana, basi. Tulikula kwenye benchi la nyuma ya Bedford, mlango wa lori umelazwa kuwa meza. Yohana alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na siku nyingine nsansa, yale majani makavu ya kunde yaliyopikwa na karanga. Mimi nilileta wali wa jana na kachumbari. Alikula kwa mkono wa kulia akiwa ameuosha kwa sabuni ya unga mara mbili na bado mistari ya kiganja ilikuwa myeusi ya grisi. Nauona mkono ule kuliko uso wake. Uso nimeusahau sehemu sehemu.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuamsha. Kila mpagazi aliamshwa mmoja baada ya mwingine mbele ya watu: wanafunzi, wapita njia, wageni waliotoka kuona nyumba ya kale ya Kwihara. Ndege iliamshwa mwisho. Haikuruka tena, lakini iliunguruma, nyasi za nyuma yake zikalala chini, watoto wakashika kofia zao. Kazi yake ilitaka watu wawili. Mmoja alikaa kwenye kiti cha rubani, kwenye swichi ya moto. Mwingine alisimama mbele na kulizungusha pangaboi kwa mkono, kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kuiamsha. Kiti kilikuwa chembamba, dereva wa Mzee Sudi alikuwa mnene, nikapewa mimi. Swichi ilikuwa kijiti cha shaba. Kikisimama, moto upo. Kikilala, moto haupo. Sheria ilikuwa moja, na Mzee Sudi aliirudia kila Jumamosi kama mtu anayesoma dua: mtu wa mbele haligusi pangaboi kabla ya kuuliza, "Imelala?" na mtu wa kwenye kiti hajibu kabla ya kuilaza. Injini ile ikiwa ya moto na swichi imesimama, ukiligusa pangaboi kidogo tu inaweza kushika.

Sasa niseme ilivyotokea, kwa sababu sijawahi kuisema yote kwa mpangilio. Ilikuwa mwanzoni mwa mvua za mwaka ule ule, Jumamosi, watu wengi. Bedford ilikuwa bado inanguruma upande wa kushoto, dereva hajaizima. Ndege iliamka vizuri, ikanguruma kidogo, kisha ikakohoa na kusimama. Kitu cha kwanza nilichotakiwa kufanya kilikuwa kulaza swichi. Sikulaza. Watu walikuwa wanapiga makofi, na mimi nilikuwa juu pale, nimefunga kitambaa kichwani, wananiangalia. Nilipenda kuangaliwa. Yohana alikuwa ameinama kwenye gurudumu anasogeza kabari. Nikamsikia anauliza. Katika kelele ya lori nilisikia, "Amelala?" Nikadhani ananiuliza habari ya mpagazi, kama amezimika mwenyewe, kwa sababu kule alikoinama asingeona pangaboi. Na kweli alikuwa amezimika. Nikajibu kwa sauti, "Amelala!" Lakini yeye hakuuliza amelala. Aliuliza imelala. Aliuliza swichi, kama sheria ilivyosema, na katika kelele ile ile naye akasikia jibu alilolitarajia. Herufi moja mwanzo wa neno. Akainuka, akashika pangaboi kulirudisha mahali pake, na injini ikaamka.

Sitaeleza zaidi. Mkono ulikatika chini kidogo ya kiwiko. Yohana hakupiga kelele, alikaa chini kama mtu aliyechoka. Mzee Sudi, ambaye alikuwa ofisini na mgeni, alitoka mbio na magoti yake yale mabovu. Tulimpeleka hospitali kwa Land Rover, mimi nimemshikilia, kipande cha kitani kilichobaki kwenye mabawa ndicho tulichomfungia.

Siku ya tatu niliitwa ofisini. Alikuwepo Mzee Sudi, mzee mwingine jirani yake, na bwana mmoja wa wilayani aliyekuja kuandika habari za ajali. Kulikuwa na chai mezani na hakuna aliyekunywa. Mzee Sudi alisema Yohana anasema aliuliza na akajibiwa. Kisha akaniangalia. "Binti yangu, mimi sikuwepo. Wewe ulikuwa kwenye kiti. Yohana aliuliza?" Nikasema, "Sikumsikia."

Nilikuwa nimeitafuta sentensi hiyo siku mbili. Nilijiambia si uongo. Sikumsikia akiuliza swichi, nilimsikia akiuliza mpagazi, kwa hiyo sikumsikia. Mtu anayeogopa huwa mwanasheria hodari. Niliogopa wataniambia nimemkata mtu mkono, na ndivyo ilivyokuwa. Yule bwana akaandika. Mzee Sudi akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, "Mtoto huyu ana sikio. Kama hakusikia, hakuulizwa." Maneno ambayo Yohana mwenyewe alimwambia dirishani.

Nilimpelekea Yohana uji wa ulezi hospitali kila asubuhi kwa siku kumi na moja. Wodi ilikuwa na vitanda vingi, chake kilikuwa cha karibu na mlango, na jirani yake alikuwa mzee wa Nzega mwenye mguu uliovunjwa na fahali, ambaye alitutania kila siku: "Mke wako huyu anapika uji mwepesi, mwambie aweke karanga." Yohana alicheka. Siku moja hakucheka. Alisubiri mzee asinzie, akaniambia, "Sindano. Wamenieleza ulichosema. Kwani mimi sikuuliza?" Nilikuwa namimina uji kutoka kwenye chupa. Nikamwambia, "Kunywa, utapoa." Akachukua kikombe kwa mkono wa kushoto, bado hajauzoea, ukamwagika kidogo kwenye shuka. Akaangalia doa lile. "Labda sikuuliza," akasema. "Lori lilikuwa linapiga kelele. Labda niliuliza moyoni." Nikafuta shuka. Hicho ndicho kitu kibaya kuliko vyote nilivyofanya maishani, kibaya kuliko swichi. Swichi niliisahau. Pale nilikuwa nakumbuka.

Mzee Sudi alikuwa na nia ya kumbakiza awe msimamizi wa bohari, maana kusimamia hakutaki mikono miwili. Nililisikia hilo kwa masikio yangu, akimwambia jirani yake. Lakini msimamizi wa Jumamosi ambaye hakuuliza asingeweza kuwafundisha wengine kuuliza. Akampa nauli na cherehani ya miguu ambayo Yohana hakuiomba, na Yohana akarudi Goweko na sanduku lake la bati. Bisibisi nne aliziacha. Mimi niliendelea mpaka mwaka ulipokwisha, nikaacha bila kuaga vizuri. Ndege haikuamshwa tena. Mzee Sudi alifariki miaka mingi baadaye, na wanawe waligawana wapagazi wake. Lile gari jeusi dogo bado linatembea mjini, linabeba maharusi, na likipita mbele ya duka langu nainamia cherehani.

Niliolewa, nikazaa, nikafiwa. Sikuwahi kumwambia marehemu mume wangu. Mara moja, watoto wakiwa wadogo, nilifika mpaka kituoni, nikakaa na kikapu changu, gari likaja, likaondoka. Nilijiambia nimesahau kufunga jiko. Nilikuwa nimefunga.

Safari hii nilikwenda. Nilifika nyumbani kwao Goweko siku ya nne baada ya maziko, wanawake wamekaa mkekani wanabangua karanga kwenye ungo, banda la kukaushia tumbaku liko nyuma ya nyumba. Mjane wake wanamwita Mama Kulwa. Ni mwanamke mnene, wa makamo yangu, mwenye sauti kavu. Nikampa pole, nikamwambia jina langu na kwamba nilifanya kazi na marehemu Tabora. Akaacha karanga. "Wewe ndiye Sindano?" Nikasema ndimi. Akawaambia wenzake, "Huyu ndiye yule wa mabawa," akanisogezea mkeka, akaagiza niletewe maji. Walinijua wote. Alikuwa ameniongelea miaka yote, na hakuniongelea vibaya.

Nilimwambia kabla maji hayajafika, maana niliona nikinywa sitasema. Nilieleza swichi, na neno, na herufi, na ofisini, na hospitali. Sikulia, sikutaka kumpa kazi ya kuninyamazisha. Alisikiliza huku anaokota maganda ya karanga kwenye kanga yake, moja moja.

"Miaka yote," akasema, "mimi nilimwita mzembe. Mtoto akivunja chungu nilisema umerithi uzembe wa baba yako. Alikuwa kimya. Nilimuuliza tulipooana, ilikuwaje hukuuliza? Akasema nilidhani niliuliza, lakini kulikuwa na mtu mwenye sikio zuri na hakunisikia, basi sikuuliza." Mmoja wa wale wanawake akasema, "Eee, Mungu wangu." Mama Kulwa hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akasema tu, "Ngoja. Utarudia. Nataka watoto wasikie kwako, si kwangu."

Wakaitwa. Ni mapacha, Kulwa na Doto, wanaume wazima wenye mvi za kwanza, mikono yao imenata majani ya tumbaku. Waliniamkia shikamoo. Nikaitikia marahaba, na kuitikia huko kuliniuma. Nikarudia yote tangu mwanzo. Kulwa ndiye aliyesikiliza kwa kuinamisha kichwa. Nilipomaliza akaniuliza taratibu, "Kwa hiyo baba aliuliza?"

"Aliuliza."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti. Nilimsikia."

Akamgeukia mama yake ingawa alikuwa amekaa hapo hapo na amesikia. "Mama, baba aliuliza."

Mama Kulwa akakung'uta kanga, maganda yakamwagika, akasimama bila viatu, akazunguka nyuma ya banda kwenye udongo mpya wa kaburi. Tukaisikia sauti yake. Aliongea Kinyamwezi, haraka, bila kupumzika, na mimi baada ya maisha yote Tabora nakielewa nusu tu. Nikamuuliza Doto mama anasema nini.

"Anamwomba radhi," akasema.

Nikainuka niende, maana radhi ile ilikuwa yangu kuomba. Doto akaniwekea mkono begani, si kwa ukali. "Mwache, mama," akaniambia. "Wewe utakwenda akishatoka."